Namba Ileile, Maana Nyingine



Alhamisi ya tarehe 3 Januari 2019 kampuni ya Yahoo ilifunga mlango wa zamani wa data zake za hali ya hewa. Kwa miaka mingi programu yoyote ilikuwa ikibisha hapo na kujibiwa bila malipo. Mlango wa namna hiyo unapofungwa, wijeti zinazoutegemea hugawanyika makundi matatu. Za kwanza huonyesha nafasi tupu. Za pili hutoa ujumbe wa kosa ambao mwenye kompyuta hauelewi. Za tatu, na hizi ndizo zilizonileta mbele yenu, huendelea kuonyesha picha ya jua na nyuzi 31 bila wasiwasi wowote, leo, kesho na mtondo, kwa kuwa zimehifadhi jibu la mwisho na aliyeziandika hakuzifundisha kwamba jibu huzeeka.

Wijeti, kwa wasiozoea neno hili, ni kile kijiprogramu kinachokaa pembeni mwa skrini ya kompyuta kikishughulika na jambo moja tu: saa, betri, au, kwa habari yetu ya leo, hali ya hewa.

Yahoo hawakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Agosti 2012 Google walizima huduma kama hiyo, ambayo hata hawakuwahi kuitangaza rasmi. Watu waliigundua wenyewe na wakaitegemea. Mwaka huohuo watunzaji wa wijeti ya hali ya hewa ya Xfce, mojawapo ya maeneokazi ya Linux, waliachana na weather.com wakahamia data za Norwei. Mwaka 2016 Wamarekani walihamisha seva yenye taarifa za hali ya hewa za viwanja vya ndege, na programu kadhaa za Linux zikabaki zikiuliza anwani isiyojibu. Tarehe 31 Machi 2020 Apple walitangaza kuinunua Dark Sky, na miaka mitatu kamili baadaye, 31 Machi 2023, data za Dark Sky zikakoma kwa waandishi wa programu wa nje. Anayeandika wijeti ya hali ya hewa leo aiandike akijua kwamba atahama.

Mfano wangu ni uhamisho mmoja: kutoka mlango ule wa Yahoo kwenda kwa Taasisi ya Hali ya Hewa ya Norwei. Nimeuchagua kwa sababu mtu wa Tanga au Kisumu anaweza kuufanya jioni hii bila kadi ya benki. Wanorwei walizifungua data zao kwa umma mwaka 2007, walipoanzisha tovuti ya Yr pamoja na shirika la utangazaji la NRK, na utabiri wao unaifikia dunia nzima. Kwa nchi za Nordiki wanatumia modeli zao wenyewe. Kwa sisi wa Afrika Mashariki wanapitisha hesabu za ECMWF, kituo cha Ulaya cha utabiri. Modeli hapa ni programu kubwa inayoigawa anga katika visanduku na kukokotoa kitakachotokea ndani ya kila kimoja. Visanduku hivyo vikumbukeni mpaka tutakapofika Lushoto.

Kubadili anwani ya seva ndani ya programu ni kazi ya mstari mmoja, na ukishaubadilisha utapata namba. Hapo ndipo fundi hufurahi akaenda kulala. Ninachotaka kusema usiku huu ni kwamba ukibadili chanzo, namba hufika salama lakini maana yake hubaki njiani, na mtu wa kwenda kuichukua ni wewe.

Kwanza ujitambulishe. Norwei hawataki ufunguo wala usajili, ila wanataka kila ombi libebe jina la programu yako na mahali pa kukupata. Ukituma jina lile la jumla linalowekwa na maktaba ya programu, unarudishiwa jibu namba 403, yaani umekataliwa. Naona ni sharti la haki. Wijeti yako ikiharibika ikaanza kuwagongea mlango kila sekunde, wanataka kujua wamwandikie nani kabla ya kumfungia.

Halafu mahali. Yahoo walikuwa na namba yao ya kila mji. Ukishaijua ya Dar es Salaam umemaliza. Norwei hawajui miji. Wanataka latitudo na longitudo, zenye desimali zisizozidi nne, ambazo tayari zinakufikisha ndani ya mita kumi na moja hivi. Ukiongeza desimali, kila mtumiaji anakuwa na ombi lake la pekee, na seva haiwezi kumpa jirani jibu ililokwisha kumwandalia mwenzake.

Dar es Salaam iko -6.8 na 39.28. Alama ile ya kutoa ikidondoka unajikuta Ethiopia, jirani na milima ya Bale, na wijeti itawaambia watu wa Kariakoo wavae makoti. Ukigeuza mpangilio, longitudo ikakaa mahali pa latitudo, unaangukia magharibi mwa Hispania, si mbali na mpaka wa Ureno. Kosa hili la pili ni jepesi kufanyika kuliko linavyosikika, kwa kuwa unapouliza unataja latitudo kwanza, lakini jibu linarudi katika muundo wa GeoJSON, ambao hutanguliza longitudo. Tena halijifichui upesi. Januari utashtuka ukiona nyuzi 4 Dar es Salaam. Lakini jioni ya Juni Hispania nako kuna nyuzi 28, na unaweza kukaa wiki nzima ukidhani mambo ni shwari.

Kwa kuwa watu huandika majina na si latitudo, utahitaji orodha ya kutafsiri moja kwenda nyingine. GeoNames wanayo, na Nominatim ya OpenStreetMap pia, ingawa hao wa pili hawaruhusu kuulizwa zaidi ya mara moja kwa sekunde, wala kuulizwa kila herufi inapoandikwa. Jambo la kuzingatia ni kwamba mtu akiandika Majengo hujasaidiwa kitu: kuna Majengo ya Moshi, ya Mombasa, ya Nairobi, ya Dodoma. Muonyeshe yote achague mwenyewe. Wijeti zinazochagua jibu la kwanza zimeandikwa na watu wasio na Majengo kwao.

Tuje kwenye namba kubwa iliyo katikati ya wijeti, ile ya joto la sasa. Yahoo walikuwa na sehemu ya pekee ya hali ya sasa, imetengwa na utabiri wa siku zijazo. Norwei, katika huduma hii ninayoizungumzia, wanakupa kitu kimoja tu: mfululizo wa utabiri, saa baada ya saa. Hakuna kipimajoto kilichosomwa Dar es Salaam kabla ya kuandikwa, tuseme, 30.2. Ni modeli iliyokokotoa saa kadhaa zilizopita kwamba muda huu kutakuwa na nyuzi 30.2. Mara nyingi inapatia. Lakini ukiichukua ukaibandika pale pale palipoandikwa "Sasa", umebadilisha jambo kubwa bila kumwambia mtu, na huyo mtu akichungulia dirishani akaona mvua huku wijeti ikionyesha jua, ana haki ya kukuuliza umepima wapi.

Kuna dawa. Viwanja vya ndege hutoa taarifa za vipimo halisi, kwa kawaida kila saa au kila nusu saa, katika maandishi mafupi yanayoitwa METAR, yanayotumika kimataifa tangu 1968. Kiwanja cha Julius Nyerere kina alama yake, HTDA. Mstari wake huwa na sura kama hii, ambayo nimeitunga kwa ajili yenu: HTDA 101200Z 12010KT 9999 SCT025 30/22 Q1012. Tarehe 10, saa 12:00 kwa saa za dunia, ambayo kwetu ni saa 9 alasiri. Upepo unatoka nyuzi 120, yaani mashariki kuelekea kusini, kwa maili 10 za baharini kwa saa. Mawingu yametawanyika, kitako chake futi 2,500. Joto nyuzi 30, kiwango cha umande 22, kanieneo hektopaskali 1012. Ile 9999 si mita 9,999: maana yake unaona kilomita 10 au zaidi, na nimeona wijeti zinazoiandika kama ilivyo, kana kwamba kuna mtu aliyepima akakosa mita moja.

Mimi huipenda METAR kuliko aina zote za data za hali ya hewa. Hata hivyo inakuambia habari za uwanja wa ndege. Anayekaa Mbezi Beach na anayekaa Mbagala wote wanapewa hewa ya Kipawa, na pwani yetu mvua ina tabia ya kunyesha upande mmoja wa barabara. Kwa hiyo chaguo langu ni hili: kama wijeti ina METAR, andika jina la kiwanja na saa ya kupima, kama haina, usiandike "Sasa". Andika "Utabiri, saa 9 alasiri". Ni maneno matatu zaidi, na mwenye kusoma anajua ameshika nini. Wala usichukue mstari wa kwanza wa orodha bila kuutazama, kwa kuwa ikiwa jibu ulilohifadhi lina umri wa saa nne, mstari huo ni wa asubuhi.

Mvua nayo ina vituko vyake. Yahoo kwa kila siku walikupa kiwango cha chini cha joto, kiwango cha juu, maneno mafupi na namba ya picha. Mvua yenyewe haikuwa na kipimo. Norwei wanakupa milimita. Milimita moja ni lita moja ya maji kwenye kila mita moja ya mraba, kipimo kizuri ambacho hata mkulima asiye na kompyuta anaweza kukihakiki kwa kopo. Tamaa inamwingia fundi: aonyeshe jumla ya mvua ya siku. Sasa basi, kila mstari wa saa una kiasi cha mvua cha saa moja ijayo, na ndani ya mstari huohuo kuna kiasi cha saa sita zijazo. Ukijumlisha vile vya saa sita mstari hadi mstari, kila tone umelihesabu mara sita. Manyunyu ya milimita 5 yanageuka 30, na mtu anaahirisha kuanika mpunga au kwenda harusini kwa ajili ya mvua ya hesabu.

Mstari wa mwisho kabisa wa mfululizo hauna sehemu ya mvua hata kidogo, kwa kuwa baada yake hakuna kilichokokotolewa. Programu nyingi, zikikosa kitu, huweka sifuri. Sifuri ya mvua ni taarifa: inasema hakutanyesha. Kukosa data ni kunyamaza. Ndani ya programu vitofautishe tangu mwanzo, na kwenye skrini weka kistari.

Kuhusu saa nitapita haraka, maana wengi mmeshaumia hapo. Muda wote katika data ni wa saa za dunia, na sisi tuko saa tatu mbele. Ukizigawa siku kwa tarehe zilizomo kwenye data bila kuongeza hizo tatu, siku yako itaanza saa 9 usiku, na mvua ya saa 7 usiku wa kuamkia Jumanne utaiandika Jumatatu. Lakini kuna jambo moja la kutulia nalo. Baada ya siku mbili tatu za mwanzo, mfululizo wa upande wetu wa dunia huacha kwenda saa kwa saa ukawa wa kila saa sita, na kwa saa zetu vituo vyake ni saa 9 usiku, saa 3 asubuhi, saa 9 alasiri na saa 3 usiku. Yahoo walikupa kiwango cha chini cha siku kimeshaandaliwa. Hapa unakitafuta mwenyewe miongoni mwa vituo hivyo. Na baridi ya Iringa au Nakuru hushika alfajiri, kuelekea saa 12, katikati ya vituo viwili, pasipo na namba. Matokeo yake wijeti itaonyesha usiku wenye joto kuliko ulivyo, kila siku, kwa kiasi kidogo ambacho hakuna atakayekilalamikia. Toleo refu la jibu lina kiwango cha juu na cha chini cha kila kipindi cha saa sita. Tumia hilo, japo ni zito kidogo kulipakua.

Vipimo: upepo wao ni mita kwa sekunde, zidisha kwa 3.6 upate kilomita kwa saa. Mwelekeo wa upepo ni kule unakotoka. Ukichora mshale, ugeuze.

Picha zinachekesha zaidi. Yahoo walikuwa na namba 0 mpaka 47, kuanzia tufani, na 3200 kwa maana ya "haipatikani". Norwei wana majina: anga safi, mawingu kiasi, mvua kubwa, mvua yenye ngurumo, mengi yake yakiwa na mkia wa mchana au usiku, au hata mkia wa tatu wa mapambazuko ya ncha ya dunia, ambao mtumiaji wako wa Lindi hatauona maishani. Si kila jina lina mkia: mawingu matupu na ukungu havina, kwa hiyo programu inayokata jina penye kistari cha chini na kutegemea vipande viwili itaanguka siku ya kwanza ya ukungu. Majina mawili ya mvua za theluji zenye ngurumo yana herufi "s" iliyozidi. Wenyewe wanajua, wameandika kwenye maelezo yao kwamba ni kosa la tahajia na kwamba wameliacha kwa sababu programu za watu zimeshalizoea. Msilisahihishe upande wenu. Chanzo kikikosea tahajia, na wewe kosea vilevile.

Sasa Lushoto. Mji uko kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Mombo, chini ya mlima, uko kwenye mita 400 na kitu. Kwa ndege anayeruka umbali ni mfupi, kilomita kumi na kidogo, ingawa basi hupanda kwa kona nyingi. Kwa kawaida hewa hupoa kama nyuzi 6.5 kila ukipanda kilomita moja, kwa hiyo Mombo na Lushoto hutofautiana nyuzi sita hivi. Kisanduku cha modeli kina upana wa kilomita tisa hivi, na ndani yake mlima umesawazishwa: si juu wala chini, ni wastani wa mahali ambapo hakuna mtu anayeishi. Wanorwei wameweka nafasi ya kutaja mwinuko pamoja na latitudo na longitudo ili joto lirekebishwe. GeoNames wana mwinuko wa miji mingi. Tanga mjini utaona ni urembo tu. Lushoto, Marangu, Mbeya au Kericho, bila mwinuko huo, wijeti ni mapambo ya ukuta.

Nimesema jibu huzeeka. Kila jibu la Norwei linakuja na muda wa kuisha, na kabla ya hapo hupaswi kuuliza tena. Ukiisha, unauliza kwa kutaja tarehe ya jibu ulilo nalo. Kama hakuna jipya wanakujibu kwa neno fupi, 304, bila kukutumia mzigo wote. Kwa anayenunua bando kwa megabaiti si jambo la kupuuza. Usipange wijeti iulize saa kamili inapogonga, kwa maana kompyuta zote duniani zinafikiri hivyohivyo. Ongeza dakika chache za kubahatisha. Intaneti ikikatika, onyesha namba ya mwisho pamoja na umri wake, uifanye ififie kadiri saa zinavyopita, na baada ya nusu siku uiondoe kabisa. Kuna wanaonipinga hapa, wakisema namba ya zamani ni bora kuliko kukosa. Joto la pwani kweli halibadiliki sana. Mvua hubadilika, na macho ya mtu huamini picha kabla ya kusoma maandishi madogo yaliyo chini yake.

Yote haya yawekwe wapi ndani ya programu? Mahali pamoja. Amua kwanza wijeti yako yenyewe inaelewaje hali ya hewa: joto kwa Selsiasi, upepo kwa mita kwa sekunde, muda kwa saa za dunia, mvua yenye kipimo na kipindi chake, na kila thamani ikiruhusiwa kukosekana. Kisha andika kipande kimoja kinachosoma lugha ya Norwei na kuigeuza kuwa hiyo. Kinachochora picha kwenye skrini kisijue kabisa kwamba Norwei ipo. Hifadhi majibu halisi machache kwenye faili, la Dar es Salaam la masika, la Lushoto la Julai, na moja la Tromsø wakati wa baridi kwa ajili ya ile mikia mitatu, uyatumie kujaribu programu bila intaneti. Siku Norwei nao watakapobadilika, kama walivyobadilika walipoacha muundo wa XML wakaenda JSON, utaandika kipande kimoja tu upya. Na leseni yao inakutaka uwataje, kwa hiyo jina lao liwe mahali linapoonekana.

Kimebaki kitu ambacho chanzo hiki hakina, na hakuna hesabu itakayokizalisha. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipokuwa kikisogea kwenye pwani yetu, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ilikuwa ikitoa taarifa mfululizo kuhusu kilipo na nini kitarajiwe. Data za Norwei kwa siku kama hizo zina upepo, zina milimita, zina picha ya mvua kubwa. Hazina tahadhari kwa ajili ya Tanzania, kwa kuwa kutoa tahadhari ni kazi ya mamlaka ya nchi, yenye watu wanaojua Rufiji ikifurika maji huelekea wapi. Mafundi wengine hujiwekea kanuni yao: upepo ukizidi kiasi fulani, wijeti igeuke nyekundu. Usifanye hivyo. Kwenye menyu weka kiungo kinachofungua taarifa za TMA, au za Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya kwa walio upande wa pili wa mpaka wa Horohoro, na rangi nyekundu uiache.

Nipo tayari kwa maswali.